Kadi Ndogo ya Wadad

Wadad anakaa mlango unaotazamana na wangu, ghorofa ya tatu, katika mtaa wa maseremala hapa Tripoli ya Lebanoni. Tukifungua milango asubuhi, harufu ya kahawa yake inaingia kwangu na ya mkate wangu inaingia kwake, na hakuna anayemdai mwenzake. Nilipoolewa nikaletwa kwenye jengo hili yeye alikuwa binti wa shule. Sasa ana mvi anazozificha chini ya mtandio, na mimi nimeshakuwa bibi.

Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mchonga vitanda na makabati, na karakana yake iko hapa hapa chini ya jengo. Alikuwa mtu mwema, lakini hakutaka msichana akae mezani ashike patasi. Alisema mikono ya msichana ikijaa makovu hakuna atakayekuja kuposa. Basi Wadad akawa anachora. Alichora maua na majani ya mzabibu kwenye karatasi za kufungia nyama, baba akazibandika juu ya mbao, na mafundi wakafuata mstari wa kalamu yake. Maharusi wengi wa mji huu wamelala chini ya maua ya Wadad bila kujua ni ya nani. Yeye mwenyewe harusi hakujaliwa. Mchumba mmoja alikwenda Brazili kutafuta maisha, akayapata huko huko na mke juu. Wadad halalamiki. Husema tu, "Mama Zakaria, mimi Mola amenipa mbao."

Baba alipofariki, kaka yake Nazih akaishika karakana, na Wadad akaenda kujifunza kuchora kwa kompyuta kwenye darasa la kina mama. Akanunua kompyuta yake mwenyewe. Ilikuwa ya ofisini, nyembamba kama kitabu kikubwa, imetumika Ujerumani mpaka wenyewe wakaichoka, ndipo ikapakiwa melini ikaja kwetu. Ilipofika ilikuwa mtu mzima tayari. Wadad aliilaza chini ya meza ya kulia, akaifunika kitambaa alichokitarizi, na kila akiiwasha alisema bismillahi kwa sauti ndogo, kama anamwamsha mgonjwa.

Kazi ilikwenda hivyo kwa miaka. Halafu watu wakaanza kununua vitanda vya kutoka nje, vinavyokuja vimelala ndani ya maboksi. Karakana za mtaa wetu zikafungwa moja baada ya nyingine. Nazih alikuwa na binamu yake kule Sydney, Australia, aliyekuwa akimpigia simu kila wiki: njoo, huku seremala anaheshimiwa, unangoja nini? Na Nazih, ambaye zamani alikuwa akicheka, akaacha kucheka akaanza kuuliza mambo ya viza.

Ndipo akatokea Bwana Butros. Huyu ni mtu wa Ehden, kule juu mlimani, aliyekuwa akitengeneza nyumba ya babu yake iwe ya wageni. Alitaka vitanda, makabati, viti, vyote vya kuchongwa. Akaja karakana, akaonyeshwa michoro ya Wadad kwenye karatasi, akaisukuma pembeni kwa adabu.

"Dada yangu, karatasi zimenitia hasara. Niliwahi kuagiza kabati kwa karatasi, likaja, mlango wa chumba ukawa haufunguki. Safari hii nataka nikione chumba kizima kwenye skrini. Nizunguke ndani yake. Nione na mwanga wa dirisha unavyoangukia mbao."

"Utaona," Wadad akasema.

"Jumamosi alasiri nashuka mjini. Nikiona, tunaongea. Nisipoona, kuna mtu Beirut ananingoja."

Alipoondoka, Nazih alivua aproni yake akaikung'uta. Nilikuwepo, nimeteremka na sahani ya tende. Akamwambia dada yake bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza: "Wadad, kazi hii ikipita, nabaki. Isipopita, mashine ya randa naiuza. Kuna mtu anakuja kuiangalia Jumapili. Na mimi naenda zangu Sydney."

Wadad alikuwa na programu ya kuchora vyumba namna ile aliyoitaka Bwana Butros. Shida ilikuwa kompyuta. Kila alipojaribu kukizungusha chumba, skrini iliganda, kisha ikawa nyeusi, kisha ikaja na maneno kwamba programu hii inahitaji kadi ya picha.

"Kadi gani tena?" Nazih akauliza. "Ya benki?"

"Kadi ya kuchomeka ndani. Kompyuta inafikiri, kadi inachora. Hii yangu inafikiri na kuchora kwa kichwa kimoja, ndiyo maana inazimia."

"Basi ni kama mimi," akasema Bibi Rashida, mama yao, kutoka kwenye kochi. "Nimewalea na kuwapikia kwa kichwa kimoja, na hakuna aliyeniongezea kadi."

Wadad akafungua kifuniko cha kompyuta. Ndani mlikuwa na vumbi la mbao, kwa sababu katika jengo letu vumbi la mbao limo hata kwenye chumvi, na pembeni mlikuwa na tundu refu jembamba ambalo halijawahi kuchomekwa kitu. Pale ndipo kadi inapokaa.

Sasa lazima niseme jinsi watu wa nyumba hii wanavyofanya kazi. Wao hawaamini namba. Baba yao akitaka droo iingie kwenye kabati, alichonga kwanza kigezo, kipande cha mbao chenye umbo la ile nafasi, akakiingiza na kukitoa, akakiingiza na kukitoa, mpaka mkono wake uridhike. Kigezo kikikubali, droo itakubali. Hakuna mjadala. Wadad amelelewa humo. Basi akapima lile tundu, akateremka karakana, akachukua kipande cha mbao ya mti wa jozi kilichobaki kwenye kitanda cha mtu, akakikata kwa urefu, kimo na unene wa nafasi iliyokuwepo. Akakipiga randa. Akakipiga na msasa.

"Msasa wa nini?" Nazih akamwuliza. "Unakiposa?"

"Unataka nitie vibanzi ndani ya kompyuta?"

Akakiingiza, akakitoa. Mkono wake ukaridhika. Siku ya Alhamisi tukatoka naye, kigezo kimo kwenye mkoba wake, kimefungwa kwenye leso.

Duka la Hilal liko nyuma ya mnara wa saa. Hilal ni mtu mnene, miwani iko juu ya paji la uso muda wote, na anakula mbegu za tikiti huku anaongea, maganda anayatema kwenye kikombe bila kukosea hata moja. Duka lake limejaa matumbo ya kompyuta mpaka dari.

"Karibu Hajati, karibu dada. Chaja ya simu?"

"Kadi ya picha," Wadad akasema, akafungua leso akaweka kigezo juu ya meza.

Hilal akateremsha miwani. "Hii nini? Sabuni?"

"Ni nafasi niliyonayo."

"Subhanallah. Watu wananiletea namba, wananiletea picha, mmoja aliniletea kompyuta nzima juu ya pikipiki. Gogo sijapata kuletewa."

"Si gogo. Ni jozi."

"Nisamehe. Jozi." Akakishika, akakigeuza, nikaona amekipenda ingawa anatania. Kisha akainama akatoa kadi moja kubwa yenye feni tatu. "Huyu hapa ndiye mfalme. Alikuwa milimani akichimba zile sarafu za mtandaoni, mchana na usiku. Sasa amestaafu."

"Amestaafu au amekufa?" nikauliza.

"Hajati, anapumua kabisa!"

Wadad akakilaza kigezo kando ya ile kadi. Ikawa kama kumweka mbuzi kando ya ng'ombe. Hilal akacheka mpaka mbegu zikampalia. Akamrudisha mfalme, akapekua tena, akatoa kadi moja fupi, yenye feni mbili ndogo, safi. Wadad akailinganisha na kigezo kwa urefu, kwa kimo, kwa unene. Sawa sawa. Uso wake ukafunguka.

"Hii."

"Ngoja kwanza," Hilal akasema. "Kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta yako kina nguvu kiasi gani? Na kina waya wa ziada?"

"Wewe nipe inayoingia. Mengine nitayaona."

"Dada—"

"Kigezo kimekubali, kaka Hilal."

Hilal akaangalia kile kipande cha jozi, akaniangalia mimi, akainua mabega. "Haya. Lakini usiibandue karatasi yake. Ikikataa, niletee ilivyo, tusigombane."

Tukarudi nyumbani kwa furaha. Tulipita hata kununua mkate wa zaatari, ule wa majani makavu na ufuta, tukala njiani kama wasichana. Wadad akapiga magoti mbele ya kompyuta, akasema bismillahi, akaiingiza ile kadi. Ikaingia kama droo ya baba yake. Nazih mwenyewe akasema, "Mashallah." Halafu Wadad akainama zaidi. Juu ya kadi palikuwa na kimdomo chenye matundu sita, na kile kimdomo kilikuwa kinangoja waya. Akatafuta waya kwenye kisanduku cha umeme. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto, akainamisha taa. Nyaya zote zilikuwa na kazi zake, na hakukuwa na hata mmoja wa ziada. Akaiwasha hivyo hivyo, na skrini ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba unganisha waya wa umeme wa kadi, ikakaa kimya.

Wadad akakaa sakafuni. "Nimeipima mwili wote," akasema. "Sikuipima njaa."

Nazih alikuwa na fikra yake. Nazih daima ana fikra, na zote zinaanza na msumeno. "Rahisi. Tunanunua kisanduku cha umeme kikubwa, tunakiweka nje, tunakata kifuniko, tunapitisha nyaya. Tukishakata kifuniko, hata yule mfalme wake wa feni tatu anaingia, kichwa kikitokeza kidogo kuna ubaya gani? Nipe msumeno wa chuma."

"Kata pua yako!" Bibi Rashida akasema. "Ile ndiyo inatokeza."

Tukacheka, lakini Wadad hakucheka kwa muda mrefu. Nazih naye akaona, akasema polepole, "Basi dada. Umejaribu. Mungu ameona." Akateremka zake. Tukamsikia huko chini anaifuta ile mashine ya randa, anaipaka mafuta, anaitayarisha kwa ajili ya mtu wa Jumapili.

Mimi sijui kompyuta. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, na nyingi nimeisahau kwenye masufuria. Lakini nilikuwepo dukani, na nilisikia. Nikamwambia, "Wadad mwanangu, yule mtu alikuuliza jambo, na wewe hukumjibu. Kesho mapema kabla ya sala ya Ijumaa turudi, umjibu."

Akaniangalia. Kisha akachukua simu yake akaanza kupiga picha. Alipiga picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku cha umeme. Akapiga ya matumbo ya kompyuta, akapiga ya mgongo wa skrini. Akapiga hata ya ukurasa wa programu unaosema inataka kadi ya namna gani, yenye kumbukumbu kiasi gani.

"Mpige picha na mama," Bibi Rashida akasema, "labda na mimi nitatafutiwa kipuri."

Ijumaa asubuhi Hilal alikuwa ndiyo kwanza anapandisha mlango wa duka. "Leo mmeleta nini? Kabati?"

"Nimeleta majibu," Wadad akasema, akamrudishia kadi na karatasi yake haijabanduliwa. "Nisamehe jana. Nilikukata kauli."

"Ah, usijali. Wanaume hunikata kauli kisha wananirudishia kadi zimeungua." Akavuta kiti, akampa mwingine, akatazama zile picha moja moja huku mbegu zake zimesahaulika. Aliyosoma kwenye picha ya kisanduku cha umeme yakamfanya atikise kichwa. "Hiki kinatosha kulisha watu wa nyumba yake tu. Mgeni akija, asile sana, na wala asitake sahani yake peke yake. Wewe unahitaji kadi inayokula kutoka kwenye tundu lake tu. Isiyo na kimdomo."

"Zipo?"

"Zipo. Lakini si nyingi zenye mwili wa hiki kigogo chako. Samahani. Jozi yako."

Akaleta tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi na haikuwa na kimdomo, lakini Hilal alipoitazama picha ya ule ukurasa wa programu akaiweka kando mwenyewe: ilikuwa ya zamani sana, programu isingeitambua. Ya pili ilikuwa na nguvu nzuri, haina kimdomo, na Wadad akaipenda. Akailinganisha na kigezo. Ilipita kimo kwa upana wa kidole. Akailaza, akaisimamisha, akaigeuza upande wa pili, kana kwamba ikigeuzwa itapungua.

"Dada, hiyo si nguo. Huwezi kuipunguza."

Wadad akaiachia kwa shida. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, feni moja tu, nyeusi, ya kawaida kabisa. Ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi moja ya wachora ramani. Ilikuwa dhaifu kuliko ile ya jana, Hilal hakumficha. "Hii haitakimbia. Itatembea. Lakini kumbukumbu yake inatosha programu yako, programu inaijua, na chakula chake ni kidogo. Skrini yako ni ya mdomo wa zamani, nakupa kiunganishi hiki bure, kwa heshima ya Hajati."

"Na nikichora chumba chenye nakshi nyingi?"

"Utangoja. Unajua kungoja?"

"Kungoja?" Wadad akasema. "Kaka Hilal, mimi ni binti wa mchongaji."

Ikabaki jambo moja. Kile kibati cha nyuma kinachoishikilia kadi kwenye ukingo wa kompyuta kilikuwa kirefu, cha kompyuta pana, na kifupi chake kilikuwa kimepotea. Hilal alimwaga mkebe mzima wa biskuti uliojaa vibati, akakosa. Bila kibati kadi ingeyumba. Wadad akasema usihangaike, nitamwambia kaka yangu.

Nikadhani Nazih atakataa, kwa jinsi alivyokuwa amekata tamaa. Lakini mpe Nazih kitu cha kukata, atasahau hata kwamba anahama. Alichukua kipande cha bati anachotengenezea bawaba za makabati, akakikunja, akakitoboa, akakipiga tupa. Akapanda ngazi mara kadhaa kuja kujaribu, kila mara anarudi kupunguza kidogo. Mara ya mwisho kikakaa. Skrubu ikaingia, kadi ikatulia.

Wadad akawasha. Feni ndogo ikazunguka. Skrini ikafikiri, sote tumesimama kama watu wanaomngojea daktari atoke. Kisha ukaja mchoro wa chumba cha Bwana Butros, na Wadad akashika kipanya akakizungusha. Chumba kikazunguka. Polepole, lakini kikazunguka: dirisha likaja, kabati likaja, kitanda kikaja na majani ya mzabibu kichwani.

"Hicho chumba cha nani?" Bibi Rashida akauliza.

"Bado si cha mtu, mama."

Kilichobaki ni zile picha kamili zenye mwanga na kivuli, ambazo kompyuta huzichora yenyewe kwa muda mrefu huku mtu amekaa mbali. Jumamosi asubuhi Wadad akaianza ya kwanza, akaja kwangu kunywa kahawa. Hatujafika nusu ya kikombe, nyumba yao ikanyamaza. Feni kimya, redio kimya, taa ya ngazi imezimika upande wao.

Wenyeji wa hapa mnajua. Umeme wa serikali una saa zake, na sisi wengine tunaishi kwa jenereta ya mtaa, kila nyumba na fungu lake. Fungu la Wadad ni ampea mbili na nusu. Linabeba taa, friji na kompyuta, kwa adabu. Lakini sasa kompyuta ilikuwa na mtu mmoja zaidi wa kulishwa, na friji ya Bibi Rashida ni ya zamani, ikiamka inaamka na pupa. Zilipovuta pamoja, breka ya umeme ikaanguka. Nazih akateremka mpaka kwenye sanduku la mlangoni kuipandisha. Wadad akaanza picha upya, maana ile ya kwanza ilikuwa imepotea yote. Friji ikaamka tena. Kimya tena.

Alisimama katikati ya chumba, ameweka mkono kwenye shavu. Bwana Butros alikuwa anakuja alasiri.

"Friji," nikasema.

"Friji ina nini?"

"Izime. Vitu vyake vije kwangu."

Bibi Rashida akainuka kwenye kochi, na haikuwa kawaida yake. "Labna yangu? Kibbe yangu ya nyama niliyoipiga kwa mikono hii?"

"Mama, zinahamia mlango wa pili tu. Hazihami nchi," Wadad akamwambia.

"Nyumba haina mkwe, haina mjukuu, sasa haina na friji. Ina kompyuta!" Lakini akawa wa kwanza kubeba bakuli la labna, yale maziwa mgando mazito, amelikumbatia, na mwenyewe akachagua rafu ya kuliweka kwangu, akaisogeza jibini yangu pembeni bila kuniuliza. Tukapita na zeituni, na mayai, na sufuria ya mboga ya majani. Friji ikazimwa. Wadad akasema bismillahi, akaanza picha mara ya tatu. Nilikaa kwenye kiti kando ya mlango na tasbihi yangu, nikiomba kimoyomoyo kwa ajili ya kitu ambacho sikijui jina lake vizuri. Mola anajua majina.

Picha ya kwanza ilikamilika. Ikafuata ya pili. Wakati wa adhuhuri alikuwa nazo nne, na breka ilikuwa imesimama.

Bwana Butros alikuja alasiri kama alivyosema, amebeba kikapu cha matufaha ya kwao. Akakaa mbele ya skrini, akavaa miwani. Alizitazama zile picha moja moja. Halafu akasema, "Sasa nizungushe."

Wadad akamzungusha. Walipofika kwenye kabati, Bwana Butros akainua kidole. "Fungua mlango wake." Wadad akaufungua, na sote tukaona mlango wa kabati unagonga pembe ya kitanda.

Nazih akafumba macho.

"Ndiyo maana nilikataa karatasi," Bwana Butros akasema.

"Ndiyo," Wadad akajibu. "Kwenye karatasi ungeligundua ukiwa na kabati mkononi." Akalikamata lile kabati kwa kipanya, akalivuta polepole mpaka ukuta wa pili. Kadi ilichukua muda wake, chumba kikayumba kidogo, kikatulia. Akafungua mlango wa kabati tena. Safari hii ulifunguka wote.

Bwana Butros akainama karibu na skrini mpaka pua yake ikakaribia kioo. Hakuwa anaangalia kabati tena. "Haya majani. Nani amechora?"

"Mimi."

"Nyumbani kwa mama yangu kuna kitanda chenye majani kama haya. Wazee walikinunua hapa Tripoli."

"Majani mangapi kwenye kila shada?"

"Sijui. Lakini kuna moja limekunjika, kama limeliwa na mdudu."

Wadad akacheka, akaweka mkono mdomoni. "Hilo lilikuwa kosa la karatasi. Kulikuwa na doa la mafuta ya nyama, na fundi akalichonga na doa."

Nilidhani sasa ataagiza nyumba nzima, lakini watu wa mlimani si wepesi hivyo. Alivua miwani akasema ataanza na chumba kimoja. Akikiona kimesimama, akakigusa kwa mkono, ndipo ataongea habari za vingine. Tena kitanda kile ni kirefu mno kwenda juu, mama yake hatakipanda.

"Kirefu?" Nazih akasema. "Kitanda cha nakshi kikiwa chini kinakuwa kama benchi la kituo cha basi!"

"Mama yangu ana magoti mabovu, fundi."

"Tutampa kijingazi."

"Mama yangu na kijingazi? Wewe humjui mama yangu."

"Basi tupunguze miguu, tusiguse kichwa cha kitanda. Wadad, punguza miguu tuone."

Wadad akapunguza miguu. Kitanda kikashuka kwenye skrini. Wote wawili wakainamisha vichwa upande mmoja, wakanuna, wakasema bado. Akapandisha kidogo. Bibi Rashida akasema yeye naye ana magoti, wamwulize yeye, na akasimama kando ya skrini akipima kwa mkono kwenye paja lake mpaka pale godoro linapofaa kufika. Bwana Butros akakubaliana naye. Nazih naye akakubali, kwa kununa.

Walipomaliza, Nazih akatoka kwenye roshani na simu. Niliona mgongo wake tu, na nilimsikia akisema, "Hapana, usijisumbue kesho. Ninaihitaji." Kisha akarudi ndani akavuta kiti kando ya dada yake, akamwambia aanze kumpa vipimo vya ule mguu, mmoja mmoja.